Siku ya vilabu chuoni: anza na mapengo

Siku ya vilabu nimeipanga mara tatu. Ya kwanza iliniharibikia mchana kweupe, ya pili ilikwenda hivyo hivyo, ya tatu nilipata hata nafasi ya kuketi na kusikiliza mdahalo mpaka mwisho. Ukinikabidhi ratiba yako leo, sitaanza kwa kukuuliza utaonyesha nini. Nitakuuliza, kati ya jambo hili na lile linalofuata, nani anabeba viti?

Ratiba yangu ya kwanza ilipendeza machoni. Ufunguzi saa 3:00 asubuhi, mdahalo 3:30, kwaya 5:00, yote jukwaa moja, yamebanana kama vidole. Sikujiuliza meza na viti 12 vya wanamdahalo vitaondolewa kwa muda gani. Vilichukua dakika 20. Mgeni wa heshima naye alikuwa ameshatumia dakika 20 zisizo zake, basi kwaya ikapanda saa 5:40. Kufika saa 9:00 alasiri tulikuwa nyuma kwa saa moja na nusu, na wachezaji wa sataranji walikuwa wamekunja mbao zao wakaenda mabwenini.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika kila tukio, na kando yake andika vinavyoingia na vinavyotoka: meza, viti, nyaya, vipaza sauti, watu. Kisha nenda jukwaani na wenzako wawili mkafanye kweli, saa mkononi. Mkitumia dakika 12, kwenye ratiba andika 20, maana siku yenyewe kutakuwa na watu wamesimama njiani wakisalimiana. Mgeni wa heshima mweke kabla ya pengo kubwa, akizidisha ale muda usio wa mtu. Usimweke kabla ya shindano lenye waamuzi.

Mapengo makubwa yawe mawili, nusu saa kila moja, jukwaa kuu likiwa kimya kabisa. Wenzako wa kamati watakwambia unapoteza muda. Waache waseme. Jukwaa likipiga kelele mfululizo, watu husimama mbele yake tangu asubuhi, na vijana waliokesha wakipamba mabanda yao wanabaki kutazamana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujiunga na klabu ya astronomia wakati hakuna kingine cha kutazama.

(Tarehe sitaisemea sana. Epuka wiki ya majaribio, basi.)

Majirani wa kelele ndio walionisumbua zaidi mwaka wa pili. Sataranji niliiweka chumba tulivu, nikaridhika, bila kujua kwamba upande wa pili wa ukuta ndiko wapiga ngoma walikojipangia mazoezi. Mchezaji mmoja alinifuata na saa ya mchezo mkononi, hakusema kitu, aliinua tu kidole kuelekea ukutani. Siku hizi nachora ramani ya chuo kwa kalamu mbili, nyekundu kwa vyenye sauti, bluu kwa vinavyotaka utulivu: sataranji, ushairi, mahojiano, maktaba, na darasa lolote lenye kipindi siku hiyo. Nyekundu na bluu lazima zitenganishwe na jengo zima. Ukuta mmoja hautoshi. Maonyesho ya sayansi yakae karibu na maabara, kwenye maji na umeme. Na kivuli kikague saa ile ile utakayokitumia. Mti unaofunika meza saa 4:00 asubuhi utakuwa umekihamishia kivuli chake upande mwingine saa 8:00 mchana, na watu wa banda hilo watahama nacho.

Umeme mwachie fundi wa chuo, lakini mambo matatu yakague mwenyewe. Waya mrefu wa kuzungushwa kwenye gurudumu ukunjuliwe wote hata kama unahitaji mita tano tu. Ukibebeshwa mzigo ukiwa umezungushwa, joto halina pa kutokea na waya unaweza kuyeyuka. Jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Waya unaokatiza njia ubandikwe chini kwa utepe mpana urefu wake wote. Spika nazo ziwe mbele ya msemaji, zikitazama watu; zikiwa nyuma yake, kipaza sauti kitazisikia na kupiga mluzi. Usishtuke ukijaribu sauti kwenye ukumbi mtupu ukasikia mwangwi mkubwa. Watu wakijaa, miili na nguo zao hunyonya sehemu kubwa ya mwangwi huo.

Foleni ni hesabu. Kumwandikisha mtu mmoja kukichukua sekunde 30, meza moja inahudumia watu 120 kwa saa. Ukitarajia 400 katika saa ya kwanza, meza tatu zitakuacha na watu 40 wamekunja uso, kwa hiyo weka nne, na ziwe mbali na geti ili mstari usizibe njia ya kuingilia.

Wanaojitolea wape zamu za saa mbili, si zaidi. Kila mmoja awe na majibu ya maswali mawili tu kichwani: choo kiko wapi, na kinachofuata ni nini. Mengine amwite mtu wa kamati. Mabango ya mishale yajaribu kwa mtu asiyewahi kufika chuoni: mpeleke getini, mwambie atafute ukumbi, umfuate kimya. Atakaposimama kushangaa, hapo ndipo panapotaka bango.

Mshereheshaji asiwe rafiki wa wanaopanda jukwaani, maana hatawakatiza. Mpe kadi mbili, ya dakika 5 na ya dakika 1, na umwahidi mbele ya kamati kwamba akimkatiza mkubwa, lawama ni yako. Kipaza sauti cha maswali kishikwe na msaidizi, asimwachie muulizaji mkononi kamwe. Akishakishika mwenyewe, swali hugeuka hotuba, na pengo lako ulilolilinda wiki nzima limekwenda.

Mvua iamuliwe na mtu mmoja, saa 12:00 asubuhi, kabla mabanda hayajasimamishwa. Uamuzi wa watu saba hutolewa meza zikiwa zimeshalowa.

Jioni anza kukusanya kabla giza halijaingia. Hesabu viti ukiwa na yule yule aliyekukabidhi, rudisha funguo kwa mlinzi, na vitu vilivyosahaulika viweke kwenye boksi moja lenye tarehe. Kisha, hata kama macho yanafumba, chukua ratiba iliyochapwa na kando ya kila tukio andika saa lilipoanza kweli. Zangu tatu bado ninazo. Ile ya kwanza ina alama ya kiatu chenye matope katikati, na pembeni ya mdahalo nimeandika neno moja kwa hasira: viti.