Jinsi ya Kufuatilia Nishani ya Ushujaa ya Babu Aliyepigana Keya

Nishani nyingi za wazee waliopigana Keya (King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza Afrika Mashariki) katika Vita Kuu ya Pili zimelala masandukuni bila wajukuu kujua zilitolewa kwa tendo gani, na si haki ushujaa ulioandikwa na makamanda ukasahauliwa na ukoo wenyewe.

Anza kwa kuitambua nishani. Nyota zenye ncha sita, kama ile ya Burma, walipewa wote waliotumikia katika eneo la vita. Ni za heshima, lakini hazielezi tendo la mtu mmoja. Military Medal, iliyotolewa kwa ushujaa, ni ya fedha na ya duara, ina kichwa cha mfalme upande mmoja na maneno "For Bravery in the Field" upande wa pili, na utepe wake ni wa buluu iliyokoza wenye mistari myeupe na myekundu katikati. Usiisugue ing'ae, kwa maana ukingoni ndiko kulikochorwa namba, cheo, jina na kikosi cha askari, na herufi hizo zikifutika umepoteza ufunguo wako.

Namba hiyo na jina vitafute katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, ambalo matoleo yake ya zamani husomwa bure mtandaoni. Jaribu tahajia kadhaa za jina, na usiishie kwenye mwaka wa pigano, kwa maana tangazo laweza kuchelewa miaka. Sajini Nigel Leakey wa Keya, mzaliwa wa Kenya, alipanda juu ya kifaru cha Waitaliano huko Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941, akafungua kifuniko na kuwapiga risasi waliokuwamo isipokuwa dereva, kisha akauawa akijaribu kukikabili kingine; Msalaba wake wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ulitangazwa Novemba 1945.

Mara nyingi gazeti hilo hutaja jina tu. Masimulizi ya tendo lenyewe yamo katika pendekezo la kamanda la kumpa askari nishani, ambalo likiwa limesalia hupatikana katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kwenye fungu WO 373, linaloweza kutafutwa kwa jina. Ukilikosa, na babu alipigana Burma, omba shajara ya vita ya batalioni yake, yaani kumbukumbu zake za kila siku, katika fungu WO 172, usome kurasa za siku zinazokaribiana na masimulizi ya wazee wa nyumbani.