Bastola ya chuma kiunoni kutwa nzima: anza na mkanda

Maelezo haya ni ya mwenye leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015. Asiye nayo aanzie polisi, si dukani.

Swali linaloulizwa kwanza huwa ni bastola ipi. Sisi tunauliza kwanza mkanda upi. CZ 75, bastola ya Kicheki, ikiwa tupu ina takriban kilo moja, na risasi 16 za milimita 9 zinaongeza kama gramu 190. 1911, bastola ya Kimarekani, yenye mtutu wa milimita 127 inafika kilo 1.1 kabla hujatia risasi hata moja. Uzito huo una faida: unapunguza mtikisiko, na mkono unarudi kwenye shabaha upesi. Lakini kiunoni ni zaidi ya paketi ya sukari ya kilo, kuanzia asubuhi hadi jioni. Kabla ya kununua, shona kifuko, jaza mchanga wa kilo 1.2, ukifunge ubavuni siku mbili. Panda nacho bodaboda, kaa nacho ofisini, inama nacho. Kikikushinda, bastola itakushinda.

Mkanda wa kawaida wa sokoni hujipinda, bastola ikainama kwa nje na mpini ukachomoza chini ya shati. Mpe fundi viatu ngozi ya ng'ombe akushonee mkanda wa tabaka mbili, upana milimita 38, unene milimita 4 hadi 5, uzi upite kingo zote mbili. Pima kwanza vitanzi vya suruali, kwa sababu vingine ni vyembamba. Shika sentimita 30 za mkanda ukiwa umesimama kwa ukingo wake: ukilegea na kuinama, rudisha. Suruali nayo iongezwe kiuno kama sentimita 5 ikiwa ala, yaani mfuko wa kubebea bastola, itakaa kwa ndani.

Ala ifunike kifyatulio chote, na mdomo wake ubaki wazi bastola ikitoka. Ngozi iliyolegea hujikunja na kuingia kwenye kifyatulio wakati wa kurudisha bastola. Pindo la shati hufanya hivyo hivyo, na hapo mtu hujipiga risasi ya paja. Rudisha polepole, shati limevutwa pembeni, kidole kimenyooka nje, macho yakiangalia. Ijaribu ala kwa bastola tupu: igeuze juu chini juu ya kitanda uitikise. Ikidondoka, haifai. Mahali pake ni nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, mpini umeinamia mbele. Kinachoonekana ni mpini, si mtutu, kwa hiyo usiogope mtutu mrefu. Tafuta vibao vyembamba vya mpini.

Kuhusu sefti, yaani kifungio cha usalama, tuseme wazi. 1911 hubebwa nyundo ikiwa nyuma na sefti imefungwa, au chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, ikiwa tupu. Kushusha nyundo kwa kidole gumba juu ya risasi iliyo chembani ni hatari. Kidole kikiteleza, inalia. Anayetaka nyundo iwe chini achukue CZ 75 BD, yenye kitufe cha kuishusha salama.

Shati la kitenge lenye maua makubwa, likivaliwa nje, huficha kuliko shati jeupe la kuchomekea. Kwenye bodaboda upepo huliinua nyuma, basi liwe refu hadi chini ya makalio. Chooni, hasa choo cha shimo, usiitoe bastola kwenye ala: funga tena bizimu mkanda ukiwa magotini, uzito usivute suruali, maana iliyotumbukia shimoni haipatikani kirahisi.

Adui mkubwa ni kutu. Jasho lina chumvi, na unyevu wa Ziwa Tanganyika wakati wa masika haukauki haraka. Kutu huanzia upande unaogusa mwili, chini ya vibao vya mpini na kwenye skrubu. Chuma kisichoshika kutu huchelewa tu. Kila jioni toa magazini (kisanduku cha risasi), ondoa risasi iliyo chembani, hakikisha kwa macho na kwa kidole, kisha futa kwa kitambaa kikavu, halafu kwa chenye mafuta ya bunduki kidogo. Ilale kwenye sefu nje ya ala, kwa sababu ngozi hutunza jasho. Usitumie mawese wala mafuta ya kupikia. Huganda yakawa gundi. Tabora kiangazi vumbi ni jingi, kwa hiyo tone moja kwa kila reli, pale sehemu ya juu ya bastola inapoteleza, linatosha. Yakizidi, yanakuwa tope.

Risasi inayoingizwa chembani na kutolewa kila siku hukaguliwa pia. Ncha husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, na shinikizo hupanda ikifyatuliwa. Isimamishe kando ya risasi mpya juu ya meza: ikionekana fupi, usiirudishe kwenye magazini.