Somo: Kuichambua 589,500, urefu wa Kilimanjaro kwa sentimita

Mita 5,895 za mlima wetu kila mtoto wa Moshi anazijua. Tuziandike kwa sentimita: 589,500. Namba kubwa ukishaivunja hadi vigawo vyake tasa (vile visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe), sifa zake nyingine zinafuata zenyewe. Shuleni wengi hufanya hivi ili wapate KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) tu, kisha wanaishia hapo. Wanapunjwa.

Hatua ya 1. Toa sifuri mbili za mwisho: 589,500 = 100 × 5,895, na 100 ni 2² × 5².

Hatua ya 2. Jumlisha tarakimu: 5 + 8 + 9 + 5 = 27. Kwa kuwa 27 inagawanyika kwa 9, na 5,895 inagawanyika kwa 9. Jibu ni 655.

Hatua ya 3. 655 ÷ 5 = 131.

Hatua ya 4. Hapa usikimbie. Je, 131 ni namba tasa? Jaribu 2, 3, 5, 7 na 11 tu. Zote zinaacha baki: kwa 7 inabaki 5, kwa 11 inabaki 10. Basi ni tasa, na tumepata:

589,500 = 2² × 3² × 5³ × 131

Hatua ya 5. Ongeza 1 kwenye kila kipeo (ile namba ndogo ya juu; 131 kipeo chake ni 1), kisha zidisha: 3 × 3 × 4 × 2 = 72. Namba hii ina vigawo 72, na hukuhitaji kuviorodhesha! Jumla ya vigawo hivyo nayo inapatikana kwa kuzidisha (1 + 2 + 4) × (1 + 3 + 9) × (1 + 5 + 25 + 125) × (1 + 131), yaani 7 × 13 × 156 × 132 = 1,873,872. Ukiitoa namba yenyewe inabaki 1,284,372, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya 589,500.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Kwa nini tumeishia 11?
Marahaba. Tasa inayofuata ni 13, na 13 × 13 = 169, imeshaipita 131. Kama 131 ingekuwa na kigawo tasa kikubwa kuliko 11, mbali na yenyewe, mwenzake wa kuzidishana naye angekuwa mdogo, na tungeshamkuta.

Mkuu, hiyo ya kuongeza 1 sijaielewa.
Kuunda kigawo ni kuchagua. Kwa 5³ unaweza kuchukua tano moja, mbili, tatu, au usichukue kabisa. Hizo ni njia nne. Ile moja ya ziada ni ya kutochukua.

Na kwa futi?
Futi 19,341 ni 3² × 7 × 307. Vigawo 12 tu.

Mlima ukiongezeka sentimita moja?
Swali zuri kuliko yote. 589,501 ikigawanywa kwa 2, 3, 5 au 131 inabaki 1 kila mara, kwa hiyo hakuna hata kigawo tasa kimoja cha 589,500 kinachobaki. Badala yake inaingia 11: 11 × 53,591. Hiyo 53,591 malizieni wenyewe, mkianzia na 7.