Mtoto mwenye usonji na mswaki: anzia mkononi, mdomo utafuata

Mama zangu wa Unguja na Pemba ambao kila usiku bafuni ni vita, haya nimeyapitia na mwanangu wa miaka 7, na kubwa nnalotaka mlishike ni moja tu, msimkamate kwa nguvu. Sisi tulimshika watu watatu kwenye kiti cha daktari wa meno, gego likatoka kweli, lakini miezi 5 baada ya pale hata kijiko hakutaka kimsogelee.

Si ukaidi jamani. Watoto wengi wenye usonji mdomo unahisi kupita kiasi, ile minti ya dawa ya mswaki kwake ni kama pilipili, povu linamtisha, mswaki unamchoma. Kwa hiyo anza mbali. Mpe mswaki laini mkavu auchezee, kisha upitishe mkononi mwake, siku nyengine shavuni, halafu midomoni, ndo meno ya mbele, unahesabu moja mbili tatu unaacha. Ukifika tatu acha kweli, hata kama hujamaliza, maana hapo ndo anapojifunza kukuamini. Akizoea nenda tano, kumi, mpaka mfike dakika 2 asubuhi na usiku. Mie hukaa mkekani, yeye mbele yangu kaegemeza kichwa kifuani, saa ile ile, pahala pale pale, na picha za hatua zote nimebandika ukutani.

Dawa ya mswaki akiikataa anza na maji matupu, huku unatafuta isiyo na ladha kali wala povu jingi, ila iwe na floraidi kwani hiyo ndo inalinda jino. Chini ya miaka 3 tia kiasi cha punje ya mchele, 3 mpaka 6 kiasi cha njegere. Hajui kutema? Mpanguse na kitambaa.

Na tuzo isiwe pipi wala ubuyu, ule unaganda kwenye meno! Wangu namwachia achezee maji kwenye ndoo. Tende, kashata, chai ya sukari, mpe pamoja na chakula, si kutafuna kutwa nzima, na dawa za kikohozi za maji nyingi zina sukari, akishakunywa mpe maji.

Kwa daktari, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja au ya Abdalla Mzee kule Pemba, nenda kwanza peke yako ukaeleze mtoto wako yukoje, omba awe wa mwanzo asubuhi asikae foleni, na safari ya kwanza iwe ya kuangalia kiti tu mrudi nyumbani. Nyumbani mchezee udaktari kwa tochi na kijiko. Siku yenyewe chukua miwani ya jua kwa ile taa na hedifoni kwa ile mashine inayolia, na muombe daktari amwambie, amuonyeshe, ndo afanye.

Asiyesema hatokwambia jino linauma. Wangu alijipiga shavu wiki mbili, halali, chapati anayoipenda anaisukuma, sote tukasema ni usonji wake, kumbe lilikuwa gego lile lile tulokuja kuling'oa kwa nguvu. Ukiona hivyo chukua tochi uchungulie, na ukikuta doa jeupe kama chaki karibu na ufizi mpeleke wiki hiyo hiyo, hapo jino bado halijatoboka.