Likizo ya Baiskeli Malindi na Watoto: Anza na Mwezi, Ramani Baadaye

Wazazi wanaonipigia simu kabla ya likizo ya Agosti au Desemba huuliza swali lilelile: kutoka mjini hadi mahali fulani ni kilomita ngapi? Mimi hutengeneza na kukodisha baiskeli hapa Malindi, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuongoza familia. Kabla sijajibu la kilomita, huuliza mawili. Mtoto wenu mdogo ana miaka mingapi? Na mnafika mwezi ukiwa tarehe ngapi? La kwanza hawalishangai. Kwa la pili hunyamaza kidogo, kisha wananiuliza mwezi unahusu nini.

Unahusu kila kitu. Njia bora ya baiskeli kwa mtoto katika mji huu ni mchanga, ila mchanga huo ni wa bahari: huazimwa kwa saa chache, kisha maji hurudi kuuchukua.

Hatua ya 1: Hesabu maji

Maji yakipwa, ufuo wa Malindi huacha uwanja mpana wa mchanga uliokazana, tairi hupita juu yake kama inapita sakafuni. Hakuna matatu wala bodaboda, na mtoto akianguka huanguka pazuri. Maji yakijaa, kinachobaki ni ukanda mwembamba wa mchanga laini wa juu, ambao hata mtu mzima hushuka akasukuma.

Wavuvi wetu huhesabu kwa mwezi, nawe unaweza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo panapokuwa na bamvua. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne hadi saa nne na nusu asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi jioni. Tofauti ya kina baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Rudi nyuma siku mbili tatu kabla ya bamvua, utakuta maji yamepwa saa mbili asubuhi, jua likiwa bado la upole. Hizo ndizo siku zako: tarehe 11 hadi 13 za mwezi wa Kiislamu, na tena 26 hadi 28.

Mkija wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, msife moyo. Asubuhi ufuo utakuwa umejaa, lakini maji hupwa kuelekea saa kumi jioni. Hayaendi mbali, ila hutosha kwa mzunguko mfupi. Kila siku mna saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na saa moja na nusu baada yake. Hesabu hii ni ya kuchagulia tarehe za likizo. Mkishafika, thibitisheni kwa jedwali la maji la siku hiyo, au muulizeni mvuvi yeyote pale gatini.

Nasisitiza hili kwa sababu lilinipata. Binti yangu alikuwa na miaka saba, na mchana mmoja wa mwezi mpevu nilimchukua ufuoni bila kuhesabu, kwa vile asubuhi nilikuwa nimeuona mchanga mpana. Tulikwenda vizuri, tukageuka, na tulipogeuka bahari ilikuwa inakuja. Upande mmoja maji, upande wa pili ukuta mrefu wa mawe uliojengwa kuzuia mawimbi. Nilibeba baiskeli zote mbili begani, naye akanishika shati huku maji yakimfika magotini. Tulipata ngazi mbele, tukapanda salama. Mwaka mzima hakutaka kusikia habari za baiskeli ufuoni, na sikumlaumu.

Hatua ya 2: Jua upepo unatoka wapi

Aprili na Mei ni masika, njia za udongo huwa tope. Iacheni likizo ya Aprili kwa mambo mengine. Agosti ni kusi: upepo kutoka kusini, hewa imepoa, mwani mwingi ufuoni. Desemba ni kaskazi: joto kali, upepo kutoka kaskazini mashariki, na wageni wamejaa.

Kanuni ni kuanza kwa kuukabili upepo na kurudi ukikusukuma mgongoni. Upepo hupata nguvu mchana, kwa hiyo Agosti elekea kusini alfajiri, Desemba elekea kaskazini. Mzazi akikosea hapa, mtoto humaliza nguvu zake kilomita za mwisho akipigana na upepo, na hapo hata madafu hayamtulizi.

Desemba pia usishtuke ukiona bahari ya mjini ina rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa Mto Sabaki, ambao kaskazi huusukuma kuja kwenye ghuba yetu. Wageni huuita uchafu. Mimi huwaambia watoto wa Nairobi kwamba huo ni mto wao: ndio Athi, uliobadilishwa majina njiani ukawa Galana, kisha Sabaki.

Hatua ya 3: Chagua baiskeli kwa kuipanda, si kwa kuitazama

Za kukodi zipo, na mafundi wako chini ya miti kila mtaa. Rangi isikudanganye. Nyanyua gurudumu la mbele, ulizungushe: likiyumba, rimu imepinda. Bana breki ya nyuma huku ukisukuma baiskeli mbele, gurudumu lisizunguke. Shika cheni kwa vidole: ikiacha kutu, mwenye baiskeli haoshi chumvi, na huenda kuna kutu zaidi usikokuona.

Kiti cha mtu mzima kiwekwe hivi: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini, mguu unyooke. Mtoto anayejifunza bado, kiti chake kiwe chini kiasi cha nyayo zote mbili kugusa ardhi. Usimpe baiskeli kubwa kwa kuwa “atakua nayo”. Siku tano za likizo hazimkuzi mtu.

Helmeti za watoto njooni nazo, kwa sababu wengi wanaokodisha hawana za ukubwa huo. Mtoto wa kubebwa akae kwenye kiti chenye mkanda na pa kuwekea miguu. Kumkalisha kwenye keria akaning'iniza miguu kando ya spoki ni hatari, na nimeshaosha vifundo vya miguu vilivyochunika vya kutosha.

Chukueni pampu, tyubu moja ya akiba kwa kila ukubwa wa gurudumu, viraka, gundi na spana. Njia za ndani zina mbigiri, na mwiba wake hutoboa tairi nzuri. Ukiingia mchangani punguza upepo kidogo ili tairi itanue tumbo. Ukirudi kwenye lami jaza tena.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza msitoke mjini

Watoto wamechoka na safari, nanyi hamjazizoea breki. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla tuktuk hazijaamka zote. Piteni Nyumba ya Nguzo iliyo makumbusho, na Msikiti wa Juma wenye makaburi ya mnara kando yake. Hapo shukeni, sukumeni baiskeli, vaeni nguo za heshima, na wazee wakiwa barazani watoto waamkie. Shikamoo ya mtoto kutoka mbali hufungua mji huu kuliko kitu kingine: nimeona familia ikaonyeshwa njia hadi mlangoni kwa ajili ya shikamoo moja. Ijumaa mchana msipange kupita mitaa hiyo kabisa.

Mbele kidogo lipo kanisa dogo la Wareno, alipozuru mmisionari Francis Xavier mwaka 1542 na kumzika baharia. Halafu mnafika rasini, kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa Aprili 1498. Msalaba wa juu ni wa jiwe lililotoka Lisbon. Wengi hupiga picha wakaondoka. Mimi huwakalisha watoto pale upeponi nikawaambia kwamba Malindi ilikuwa ikijuana na nchi za mbali kabla ya Mreno huyo: mwaka 1415 ujumbe wa mji huu ulifika China na twiga. Kisha nawauliza, mngempakiaje twiga jahazini? Majibu yao hutuchukua hadi staftahi.

Staftahi ni mahamri na mbaazi. Saa nne muwe kivulini, msitoke tena hadi saa kumi jioni. Jua la saa sita hapa si la mtoto.

Hatua ya 5: Siku ya ufuo

Barabara ya Casuarina hutoka mjini kwenda kusini, tambarare, kilomita 6 hivi hadi lango la hifadhi ya bahari. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo Afrika. Nendeni kwa barabara maji yakiwa bado yanatoka, mrudi kwa ufuo yakiwa yamepwa. Mtoto wa miaka minane anamudu kwenda na kurudi kama hamumharakishi. Ada ya KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa kwa simu, kwa hiyo lipieni nyumbani kwenye mtandao mzuri. Mkitaka kupanda mashua yenye kioo chini kuona samaki na matumbawe, elewaneni bei kabla ya kupanda, na fungeni baiskeli zote pamoja kwa mnyororo mmoja palipo na askari.

Asiyejiweza zaidi ndiye atangulie. Mtu mzima mmoja nyuma kabisa, mwenye pampu. Wakubwa wenye nguvu wakitangulia, mdogo hukimbizana nao kimyakimya mpaka alie, nanyi hamtajua alianza kuchoka lini.

Hatua ya 6: Gede na Watamu, bila barabara kuu

Hapa sina mjadala. Barabara ya Malindi kwenda Mombasa si ya watoto. Magari yana kasi, na ukingo wa lami ni mwembamba. Mnaotaka kwenda Gede, kilomita 16 hivi kusini, kodini pikapu ipakie baiskeli na familia iende kwa tuktuk au matatu. Anzeni kupiga pedali mkishafika.

Gede ingieni asubuhi. Ni mji wa mawe ya matumbawe uliomezwa na msitu, wenye msikiti mkubwa, jumba la kifalme, visima, na kaburi lililochongwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Watu waliuhama kufikia mwanzoni mwa karne ya 17. UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2024. Waambieni watoto wakitafute kisima chenye kina kirefu kuliko vyote. Na mfuko wa ndizi usiachwe kwenye kikapu cha baiskeli, kima wa Gede hawaombi.

Kutoka hapo hadi Watamu ni kilomita 6 au 7 za lami yenye pilikapilika, lakini magari huenda polepole. Nendeni mstari mmoja. Watamu kwenyewe, barabara inayofuata pwani kuelekea kusini ni tambarare na huishia mdomoni mwa mkono wa bahari uitwao Mida, penye mikoko na ndege wa matopeni. Shukeni hapo mpumzike.

Wenye vijana wa miaka 12 na zaidi wanaweza kuomba mwongozaji katika kituo cha msitu cha Gede, waingie njia za Arabuko-Sokoke. Msitu huo una kilomita za mraba 420 hivi, na humo yumo sange mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye hukimbia huku majani makavu yakilia njiani. Ndovu pia wamo, ndiyo sababu nasema mwongozaji. Njia nyingine ni mchanga mzito, kwa hiyo msipange zaidi ya kilomita 10.

Mambrui, ng'ambo ya daraja la Sabaki, nawaachia watu wazima. Ni pazuri, ila barabara yake haina huruma kwa miguu mifupi.

Hatua ya 7: Maji na chakula

Lita moja kwa kila mtoto kila saa mbili, na ipimeni, msikisie. Mtoto mwenye furaha husahau kunywa. Dafu, maji ya ukwaju na viazi karai mtapata njiani. Achari na mabuyu ziwe za mwisho wa safari, kwa sababu chumvi na sukari huongeza kiu katikati.

Hatua ya 8: Jioni, kabla ya kula

Chumvi hula baiskeli usiku mnapolala. Kila mnaporudi ufuoni, mwageni maji baridi ya bomba juu ya cheni, breki na spoki, polepole, bila kurusha kwa nguvu kwenye beringi. Futeni kwa kitambaa, kisha tone la oili kwa kila kiungo cha cheni. Kazi hii wapeni watoto. Binti yangu, yule wa mchana wa ukuta, ndiye anayenioshea za kukodisha siku hizi. Huzungusha pedali kwa mkono na kuinamisha sikio. Cheni ikilia, huirudia. Ikinyamaza, huegemeza baiskeli ukutani na kuita nyingine.