Ukikuta simu juu ya ukuta wa bafu, usiivunje

Wapangaji wenzangu wa Moshi na Arusha, hasa nyie wa nyumba za uani zenye bafu moja la wote, someni hii. Mwaka jana dada tunayekaa nae nyumba moja huku Majengo alikuwa anaoga usiku, kunyanyua uso kajisuuza povu akaona kijitaa pale bati lisipogusana na ukuta, simu imelazwa juu ya tofali kamera inamtazama yeye. Kelele, sote tukatoka, na kwa hasira tukaiponda simu mpaka ikawa vipande. Ushahidi ukaishia palepale.

Kwahiyo ikikukuta jifunge kanga uite watu wawili watatu waione ilipo kabla haijaguswa, mmoja apige picha na simu yake. Usifute kitu. Muiteni mwenyekiti wa mtaa, halafu nendeni kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na usitoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako pale kituoni. Video ikiwa imeshafika kwenye magrupu, piga skrinishoti ya namba iliyotuma na saa, ila usimrushie hata shoga yako eti aone walichokufanyia, maana na wewe umesambaza.

Gesti, kutafuta kamera iliyofichwa ni rahisi, zima taa upitishe tochi ya simu taratibu kwenye soketi, saa ya ukutani na king'amuzi, lenzi huwa inarudisha kimng'ao.

Sasa sheria. Katiba ibara ya 16 inalinda faragha, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inambana anayechapisha picha za ngono. Mi nataka kifungu kinachosema wazi kwamba kumrekodi mtu bafuni bila ridhaa yake ni jinai hata kama video haijatoka kwenye simu, kwasababu yule dada aliumia pale alipokiona kile kijitaa, hakusubiri WhatsApp. Uingereza, Gina Martin alipigwa picha chini ya sketi kwenye tamasha 2017, akaanza petisheni kama raia wa kawaida tu, na 2019 likawa kosa la kifungo mpaka miaka 2.

Mwandikieni mbunge wenu barua, ukurasa mmoja unatosha, semeni kilichotokea, kilipokwama, na kifungu mnachotaka, jina la aliyerekodiwa msiliweke. Ya kwetu tumeshasaini nyumba nzima, na pale juu ya bafu tumeziba kwa bati.