Kufunga king'ora cha moshi kwa mzee au kiziwi

Anza kwa kujua mwenye chumba anasikia nini usiku, vifaa vya masikio vikiwa mezani. King'ora cha kawaida hulia mlio mwembamba wa karibu hezi 3,000, na uzeeni sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Shosho anayepiga gumzo nawe mchana kutwa anaweza kulala fofofo king'ora kikilia mlangoni.

1. Chagua. Aliyepungukiwa kiasi, mtafutie mlio mzito wa hezi 520. Kiziwi anahitaji kitetemeshi, yaani kisahani chenye mota kinachokaa kitandani. Wauzaji hupenda kusifia taa ya kumweka. Inamfaa aliye macho, lakini kwenye baridi ya Julai mtu amejigubika blanketi hadi utosini, ataionaje?

2. Soma kibandiko cha adapta. Kifaa ulicholetewa kutoka Marekani huenda ni cha volti 120 pekee. Ukikichomeka kwenye volti 240 zetu za Kenya kitaungua. Hakikisha pia kina betri ya akiba, maana stima zikipotea ndipo mishumaa huwashwa.

3. Funga kitambuzi, yaani kile kinachonusa moshi, juu, mbali na pembe. Kwenye bedsita, kiweke upande wa kitanda. Kikiwa juu ya meko, chapati za Jumapili zitakiliza hadi mtu achoke na kutoa betri. Jikoni penyewe funga kile cha joto. Nyumba ya mabati isiyo na dari, tumia boriti, si bati: hewa ya moto inayojaa chini ya bati lililopigwa na jua inaweza kuzuia moshi usifike.

4. Unganisha. Nunua kitambuzi na kitetemeshi vya mfumo mmoja. Vya kampuni tofauti mara nyingi havielewani. Ipo aina ya kitetemeshi inayosikiliza king'ora ulicho nacho tayari: milio mitatu, kimya, milio mitatu tena. Hiyo iweke karibu na king'ora, na mlango usiwe katikati.

5. Kitandani. Jaribu kwanza chini ya godoro, usawa wa bega. Godoro nene humeza mtetemo. Hapo kihamishie chini ya mto. Waya ufunge kwenye mguu wa kitanda, usije ukang'oka shuka zikitandikwa.

6. Jaribu akiwa usingizini. Mwambie mapema kwamba usiku mmoja wiki hii utabonyeza kitufe, usimtajie upi. Usitazame tu kama ameamka. Tazama kama anajua la kufanya: anashika mkongojo, anapata ufunguo wa kufuli la grili gizani? Ufunguo utundike ndani, karibu na mlango, mahali pale pale siku zote. Keateka na jirani wa mlango wa pili waambiwe kuwa humo mna mtu asiyesikia, wasije wakagonga tu na kuondoka.

Kila mwezi bonyeza kitufe cha majaribio, mkono wake ukiwa juu ya kitetemeshi. Tarehe ya kutengenezwa iko mgongoni mwa kitambuzi. Ikifika miaka 10, nunua kipya hata kama cha zamani bado kinalia.